Somo: Kupima na kuongeza oili kwenye injini ya jeti, hatua kwa hatua

Wadau, salaam. Juzi kijana wa mazoezi aliniuliza, "Bosi, hii ndege oili yake inamwagwa baada ya kilomita ngapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana swali hilo nimeulizwa hata na mafundi wa magari waliokula chumvi gereji, na bila kulijibu somo lenyewe haliendi.

Kwenye gari, masizi na mafuta ambayo hayajaungua hupenya pembeni mwa pistoni yakaingia kwenye oili. Ndiyo maana inakuwa nyeusi na unaimwaga. Kwenye jeti, moto unawaka chumbani mwake, oili inazunguka kwenye beringi na giaboksi, na hivyo viwili havikutani. Kwa hiyo injini nyingi za ndege za abiria hazimwagwi oili kwa ratiba. Kinachopungua ni kile kinachotoka na hewa kama ukungu, na kila ukijaza kopo jipya, ile ya zamani tangini inachanganyika na mpya. Kazi ya fundi ni kupima, kuongeza na kuandika. Vijana wengi huipuuza hiyo ya tatu, nami nitawashikia bango hapo.

Mfano wangu ni CFM56-7B, injini ya Boeing 737-800, kwa sababu wengi wenu wa Nairobi mnaiona kila siku. Tangi lake la oili linabeba kama lita 20 tu. Injini kubwa vile, oili ya ndoo moja! Kitabu cha matengenezo cha ndege yako ndicho mwenye kauli ya mwisho. Hapa nafundisha akili ya kazi, namba za kufanyia kazi utazikuta kitabuni.

Kwanza ijue oili yenyewe

Hii haichimbwi ardhini kama oili ya kawaida, inatengenezwa kiwandani kwa kemikali ziitwazo esta. Nyingi zinafuata kiwango cha kijeshi cha Marekani, MIL-PRF-23699. Kopo utakaloshika laweza kuwa Mobil Jet Oil II, Eastman Turbo Oil 2380 au AeroShell. Ni nyepesi kuliko oili ya gari. Inatakiwa itiririke bado kwenye baridi kali, na saa hiyohiyo ivumilie beringi zilizo jirani na turbini, yale mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto. Kopo moja ni robo ya galoni ya Kimarekani, yaani mililita 946, na ndiyo maana sisi tunahesabu kwa makopo.

Usiichanganye na mafuta ya haidroliki, yale ya zambarau. Rafu moja, makopo yanafanana, usiku, umechoka. Soma maandishi, usitegemee rangi ya kopo.

Hatua ya 1: Angalia saa yako

Oili ya jeti haipimwi muda wowote unaojisikia. Injini ikizimwa tu, tangi bado lina mgandamizo na oili ni ya moto. Ukifungua kifuniko inaweza kukurukia usoni. Kwenye CFM56 unasubiri angalau dakika 5.

Upande wa pili, usichelewe. Injini ikikaa, oili inachuruzika taratibu kutoka tangini kwenda kwenye giaboksi na sehemu za chini. Kioo cha kupimia cha tangi kinaonyesha imepungua, kumbe imehama chumba tu. Kila injini ina dirisha lake la muda kitabuni, na ukilikosa inabidi injini izungushwe kwanza ili oili irudishwe tangini ndipo upime.

Hili nililijua kwa aibu. Nikiwa bado najifunza, nilipewa ndege iliyolala uwanjani usiku kucha. Alfajiri nikaangalia kioo, oili iko chini. Nikafungua makopo matatu, nikajaza, nikajisifu kimoyomoyo. Ndege ikaenda na kurudi, rubani akaandika kwenye kitabu cha ndege kwamba kipimo kiko juu kupita kiasi na nyuma kulikuwa na harufu kama ya soksi chafu. Mchana ule nilishinda juani nikiipunguza oili niliyoijaza kwa mkono wangu. Msimamizi wangu hakunigombeza. Alinipa tochi tu, akasema, "Leo utajifunza kutoa."

Hatua ya 2: Mikono na kopo

Vaa glavu. Oili hizi huwekewa dawa ya kuzuia msuguano yenye sumu, na ngozi inaifyonza. Ikikumwagikia, nawa kwa sabuni. Ikimwagikia rangi ya ndege au mpira, futa mara moja kwa sababu inatafuna.

Kopo lifute juu kabla ya kulifungua. Tumia kifungulio safi, kamwe usitoboe kwa bisibisi. Bisibisi inachana bati na kuacha vipande vyembamba, vingine vinaangukia ndani. Halafu usitumie kopo ulilolikuta wazi, hata kama aliyelifungua ni wewe mwenyewe jana. Esta inanyonya unyevu wa hewa, na unyevu wa Dar au Mombasa mnaujua.

Hatua ya 3: Soma kioo, kisha mimina

Mlango mdogo wa tangi uko upande wa kulia wa injini. Mulika kioo cha kupimia, usome ukiwa usawa wake, usisome ukiwa juu ya ngazi umepinda shingo. Kama imefika alama ya kujaa, usiguse kitu. Kama imepungua, fungua kifuniko, mimina kopo moja, subiri itulie, soma tena. Jaza hadi alama ileile kila siku. Leo ukijaza pomoni, kesho mwenzako akaishia nusu, hesabu ya hatua ya 5 itawadanganya nyote.

Hatua ya 4: Funga, kisha mwite mtu

Angalia oringi ya kifuniko, yaani kile kipete cha mpira kinachozuia uvujaji, kama imepasuka weka mpya. Funga hadi kufuli ikae. Halafu mwite mwenzako aje aone kwa macho yake na aguse kwa mkono wake. Msibishane. Ukiwa peke yako, ondoka, zunguka ndege, rudi uangalie tena ukiwa na macho mapya.

Hatua ya 5: Andika, piga hesabu

Andika makopo uliyoongeza kwenye kila injini, hata kama ni sifuri. Chukua saa za kuruka tangu ujazo uliopita. Tuseme umeongeza makopo 4 baada ya saa 16: hiyo ni robo kopo kwa saa. Peke yake namba hiyo haisemi kitu. Ipange na za wiki zilizotangulia na zinazofuata: 0.2, 0.2, 0.25, 0.4, 0.55. Hapo injini inakuambia kitu, pengine sili ya beringi imeanza kuchoka au kuna bomba linavuja, na inakuambia kabla taa yoyote haijawaka kwa rubani. Injini ya pembeni yake inayokula 0.4 mwaka mzima bila kubadilika huenda ni nzima kabisa. Mwelekeo ndio ugonjwa.

Kuna namba nyingine ya kuogopa: sifuri kwa siku nyingi, au kipimo kinachopanda chenyewe. Oili haizaani. Ikiongezeka, nusa. Kipo kifaa ambamo mafuta ya ndege hupoza oili, vikitenganishwa na kuta nyembamba tu za chuma. Kikipasuka ndani, mafuta yenye mgandamizo mkubwa yanaingia upande wa oili. Ukisikia harufu ya mafuta ya taa kwenye tangi la oili, ndege hiyo haiendi popote.

Hatua ya 6: Sumaku

Hii si ya kila siku, inakuja kwa ratiba ya ukaguzi. Kwenye njia ya oili kuna vizibo vyenye sumaku vinavyonasa chembe za chuma. Unga mwororo kama vumbi la msumeno kwa kawaida ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta magamba yanayong'aa, yenye kingo, hiyo ni beringi inayobanduka. Yahifadhi kwenye mfuko safi yapelekwe maabara, usiyafute kwa kitambaa ukasema mambo safi.

Sasa kaeni vizuri. Tarehe 5 Mei 1983, ndege ya shirika la Marekani la Eastern, Lockheed L-1011 yenye injini tatu, safari namba 855, iliondoka Miami kwenda Nassau, Bahamas, na watu 172. Usiku uliotangulia mafundi walikuwa wamebadilisha vizibo vya sumaku kwenye injini zote tatu. Walizoea kuvikuta kwenye kabati la msimamizi vikiwa vimeshavishwa oringi. Usiku huo kabati lilikuwa tupu, wakachukua vipya stoo, na hivyo havikuwa na oringi. Wakavifunga hivyo hivyo. Wakazungusha injini kama sekunde 10 kuangalia uvujaji, hawakuona kitu, wakasaini.

Angani injini ya katikati ikaanza kukosa mgandamizo wa oili, rubani akaizima na kugeuza kurudi Miami. Kisha zile mbili zikafa moja baada ya nyingine. Ndege ikawa inashuka juu ya bahari, abiria wamevaa maboya, hadi walipofanikiwa kuiwasha tena ile ya kwanza kuzimwa, wakiwa kama futi 4,000 juu ya maji. Wakatua na injini hiyo moja. Hakuna aliyekufa.

Oringi ile waweza kuivaa kidoleni. Kwa hiyo ukishika kizibo, usiulize kama kina oringi. Vua ile ya zamani hata kama inaonekana nzima, vaa mpya, ipake oili ya injini, na umwambie mwenzako aione kabla hujakifunga.

Maswali ya wadau

Mdau wa Mwanza: Mkuu, nasikia kampuni nyingine fundi mmoja haruhusiwi kugusa injini zote mbili siku moja. Si kupoteza watu huko?

Jibu: Ndugu yangu, soma tena kisa cha Miami. Kosa moja lilizidishwa mara tatu kwa sababu mikono ilikuwa ileile na mazoea yaleyale. Uingereza nako, tarehe 23 Februari 1995, Boeing 737-400 ya British Midland ilipoteza karibu oili yote kwenye injini zote mbili, ikakimbilia kutua Luton. Usiku uliotangulia injini zote mbili zilichunguzwa ndani kwa kamera, na vifuniko vya tundu la kuzungushia injini havikurudishwa, huku wala kule. Kwa ndege zinazovuka bahari na injini mbili, kutenganisha mafundi ni utaratibu wa kawaida. Mkikosa watu, fanyeni injini moja leo na nyingine siku nyingine.

Mwanafunzi wa NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji), Dar: Mwalimu, rubani aliandika kwamba wakati wa kupaa oili ilishuka sana, wakafika juu ikarudi. Tulipopima chini iko sawa. Alikosea kusoma?

Jibu: Hakukosea. Injini ikikazwa, oili nyingi inakuwa safarini kwenye beringi na giaboksi, kwa hiyo tangini inaonekana kidogo. Ikitulia inarudi. Ndiyo sababu marubani wanapewa kiwango cha chini kabla ya kuwasha chenye akiba. Kwa Airbus A320 yenye CFM56, ni makopo 9.5 pamoja na makadirio ya safari, yanayopigwa kwa karibu nusu kopo kwa saa. Ishuke halafu isirudi, hapo ndipo pa kuhangaika.

Dada wa Nairobi: Tuko kituo cha mbali, oili imepungua, tulichonacho ni kopo la chapa nyingine. Kiwango ni kilekile. Nijaze?

Jibu: Dada, kiwango kuwa kimoja hakutoshi. Kuna za kawaida na kuna zilizoboreshwa kuvumilia joto, na mwenye injini ndiye anayesema zipi zichanganyike na kwa masharti gani. Fungua kitabu, piga simu kwa wahandisi wenu, upate jibu la maandishi. Ukiruhusiwa, andika chapa na idadi ya makopo. Usiponyamaza, anayefuata atajua cha kufanya. Ushauri wa bure: waombeni marubani wabebe makopo sita kwenye ndege.

Mdau wa Arusha: Mimi niko kwenye Cessna 206 za watalii. Haya yote yananihusu?

Jibu: Usafi na kuandika, ndiyo. Mengine hapana, kaka. Hiyo ni injini ya pistoni, ni ndugu wa gari lako. Oili inachafuka, na unaimwaga pamoja na filta kwa kawaida kila saa 50. Usithubutu kuweka oili ya turbini humo. Ukihamia Cessna Caravan utakuwa umeingia kwenye turbini.

Mdau wa Kigamboni: Mjomba yuko uwanja wa ndege, kaniletea makopo mawili ya oili ya ndege. Niweke kwenye bodaboda? Wanasema pikipiki inapaa.

Jibu: Itapaa kwenda gereji. Oili ya jeti kwenye joto la nyuzi 100 ina mnato (uzito wa kutiririka) wa kama sentistoki 5, na oili namba 40 ya pikipiki inaanzia 12.5. Pistoni yako itabaki inasugua chuma kwa chuma. Haina sabuni ya kubeba masizi, italainisha sili zako, na ile dawa yenye sumu utaivuta kwenye moshi. Kisha muulize mjomba makopo hayo yametoka wapi. Kama bado yamefungwa, yarudi stoo leo. Kama yako wazi, hata ndege haiyataki, yaende kwenye pipa la oili chafu.