Kufunga simu za biro hapa Goma: anza na shimo

Nikiitwa kwenye biro kufunga standari, yaani mashine inayogawa simu kwa vyumba vyote, kitu cha kwanza ninachopakia juu ya pikipiki ni mtarimbo. Wateja hushangaa. Mama mmoja wa mapokezi kule Himbi aliniuliza, "Mama fundi, tumekuita kwa simu, wewe umekuja kutuchimbia choo?" Nikamjibu: leo tunachimba, simu ni kesho.

Standari nimefunga nyingi, nimezika nyingi pia. Katika hizo nilizozika, sikumbuki hata moja iliyouawa na simu. Zote ziliuawa na radi, au na umeme wa kuja na kuondoka, au na waya wa bei rahisi. Kwa hiyo kijana anayetaka kujifunza kazi hii kwangu namwanzishia chini, kwenye tere, yaani waya wa ardhi. Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mashine tutaufikia baadaye.

Kwingine fundi anagonga nondo ya shaba ya mita moja na nusu kwa nyundo, dakika kumi amemaliza. Goma hatuna ardhi ya kugonga. Sehemu kubwa ya katikati ya mji imekaa juu ya lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 na kukata mji hadi ziwani, na chini yake kuna lava ya zamani zaidi. Nondo ikifika kwenye makoro, yaani mawe ya lava, inapinda kama msumari mbovu. Fundi mvivu anaikata kwa msumeno, inabaki kipande, anakifunika kwa kokoto, kisha anakuonyesha waya mzuri wa kijani na njano ukutani. Mimi naiita tere ya picha. Makoro makavu yamejaa matundu ya hewa, na hewa haipitishi umeme.

Na radi hapa haina mchezo. Watafiti waliohesabu miale kwa satelaiti kwa miaka 16, wakatoa matokeo mwaka 2016, waliweka ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza duniani, miale kama 233 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Nafasi ya pili ni sehemu ya milima ya mashariki mwa Kongo hii hii yetu: 205. Tena radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga mvokado wa jirani, waya wa simu uliotundikwa hewani kati ya nyumba mbili unatosha kuileta ndani.

Basi tunachimba mfereji, tunauchimba mrefu badala ya kuuchimba kwenda chini. Mita kumi hadi kumi na tano, kina cha sentimita sitini au zaidi pale mtarimbo utakapokubali. Unalaza humo waya wa shaba ulio uchi, milimita 25 za mraba, bila kiungo katikati. Usirudishie makoro uliyoyatoa. Nunua udongo mweusi wa magunia, changanya na unga wa makaa, shindilia kwa miguu, mwagia maji, shindilia tena. Wengine wanatia chumvi. Inasaidia msimu mmoja, kisha inakula shaba yako na mvua inaiondoa, mimi siitii.

Halafu upime. Kuna mafundi wanaopima tere kwa balbu: waya mmoja kwenye fazi, yaani waya wenye umeme, mwingine kwenye tere, balbu ikiwaka wanasema nzuri. Balbu ya wati 60 kwa volti 220 yenyewe ina ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme, wa karibu omu 800. Hata tere yako ikiwa mbovu ya omu 100, balbu itawaka na macho yako hayataona tofauti. Zaidi ya hayo umetia umeme kwenye waya ambao mtoto wa zamu, yaani wa mlinzi, anaukanyaga uani. Azima mashine ya kupimia tere, ile ya vijiti. Vijiti vyake pia havitaingia kwenye makoro: vilaze juu ya matambara yaliyolowa maji ya chumvi, weka jiwe juu, vitasoma. Ninatafuta omu 10 au chini. Nikipata 14 naongeza mfereji. Nikipata 40 nampigia patroni, mwenye biro, simu mwenyewe, asikie kutoka kwangu kabla hajasikia kutoka kwa radi.

Jambo moja linalosahaulika hata na mafundi wazuri: tere iwe moja. Standari, onduleri (mashine ya betri inayoshika umeme ukikatika), kinga za radi, antena, vyote viishie kwenye kipande kimoja cha shaba ukutani, na kutoka hapo waya mmoja mnene ushuke mferejini. Ukiwa na tere mbili tofauti, radi ikipiga moja inapanda volti na nyingine inabaki chini, na njia fupi kati ya hizo mbili inapita katikati ya mashine yako.

Nina kidonda kimoja hapo. Patroni mmoja, simtaji, alikataa mfereji. Alisema wafanyakazi wangu wanataka pesa ya kuchimba, standari ni kisanduku cha plastiki, kinahitaji shimo la nini. Nilikuwa na deni la kodi ya nyumba, nikakubali, nikafunga. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa ilichoma kadi ya posti, yaani simu za vyumbani, zote nane. Alinidai mimi. Tangu siku hiyo, asiyetaka shimo ninamwachia namba ya fundi mwingine.

Sasa umeme. Standari ndogo inakula kidogo, mara nyingi chini ya wati 40, lakini haipendi kushtuliwa. Umeme unaporudi baada ya kukatika, dakika zile za kwanza unapanda na kushuka. Nimeshapima 150, nimeshapima 265, siku moja, prizi moja. Weka stabilizeta ya kusawazisha volti kwanza, kisha onduleri, kisha standari. Onduleri ndogo ya betri moja ya volti 12, ampea-saa 7, itakushikia standari na kisanduku cha SIM, kile kinacholeta laini za nje, kwa saa moja na kidogo, betri ikiwa mpya. Usiruhusu mtu kuchomeka mashine ya kuchapa humo. Watachomeka. Kwa hiyo ninaifungia onduleri ndani ya kabati pamoja na standari, na ufunguo unakaa kwa mhasibu, kwa sababu mhasibu hapendi mtu.

Waya nanunua mtaa wa Birere, na hapo ndipo macho yanahitajika. Boksi imeandikwa shaba, ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha kwa wembe: ikitoa weupe, rudisha. Ikiwa muuzaji hataki ukwaruze, toa mita ya kupimia umeme. Boksi nzima ni waya wa urefu wa mita 305. Uzi mmoja wa shaba halisi ya nusu milimita, kutoka ncha hadi ncha, unasoma karibu omu 26 au 27. Ukipata 40, hiyo ni alumini, haijalishi boksi inasema nini. Alumini ile inafanya kazi siku ya kwanza. Inakatika ndani ya prizi mwaka wa pili, kila mara mtu akisogeza meza.

Kila posti inahitaji nyuzi mbili tu, na waya wa kompyuta una jozi nne, kwa hiyo kila mtu anashawishika kulisha posti nne kwa waya mmoja. Mimi nafanya hivyo kwa vyumba vilivyo pamoja, lakini naacha jozi moja tupu. Siku jozi ya bluu itakapotafunwa na panya utanishukuru. Kwenye kichwa cha waya kinachoingia kwenye simu, nyuzi ziende kwenye pini mbili za katikati. Na andika. Daftari la shule, ukurasa mmoja: posti 104, mhasibu, jozi ya machungwa, tundu la nne. Lifunge kwa kamba ndani ya kabati. Nimeitwa kutengeneza standari za watu wengine ambapo nilitumia siku nzima kutafuta waya gani unakwenda wapi, na dakika tano kutengeneza.

Usivue waya kwa meno. Kijana wangu wa kwanza, kadogo wa Majengo, alikuwa na meno makali na haraka nyingi. Alikuwa juu ya ngazi, jozi ya posti 103 mdomoni, mtu wa mapokezi akaamua kujaribu kupiga 103. Waya wa simu ukiwa umetulia una volti kama 48 za moja kwa moja. Simu inapoita, zinaongezeka volti 90 hivi za kupanda na kushuka. Hakuanguka, namshukuru Mungu. Alishuka taratibu, akakaa chini, akaniambia, "Mama, nimesikia simu na ulimi." Sasa ana kisu chake.

Hizo volti 48 ndizo daktari wako. Simu haina mlio? Pima kwenye prizi ya simu. Ukipata 48 hivi, waya ni mzima, chombo cha simu ndicho kibovu. Inua mkono wa simu: zinashuka hadi kati ya 6 na 10, ni kawaida. Ukipata sifuri, rudi kwenye standari, ng'oa jozi hiyo, pima tundu lenyewe. Tundu lina 48, basi waya umekatika au umegusana njiani. Tundu nalo lina sifuri, kadi imekufa, pole. Kama nyuzi zimegusana, usianze kuvunja dari. Pima ukinzani kutoka kwenye standari: jozi ya shaba hiyo, kwenda na kurudi, ni karibu omu 17 au 18 kwa mita mia. Mita ikisoma 9, tatizo liko mita hamsini kutoka hapo uliposimama. Mara nyingi utakuta msumari wa mtu aliyetundika kalenda.

Waya unaotoka nje kwenda nyumba nyingine, hata kibanda cha zamu, uwekewe kinga za radi za gesi pande zote mbili. Chagua za volti 230. Mlio wa simu, kilele chake na zile 48 zikijumlishwa, unafika kama 175. Kinga ya chini ya hapo itakuwa inakata simu kila inapoita.

Laini za nje hapa ni SIM. Kisanduku cha SIM kinaipa standari laini inayofanana na ile ya posta ya zamani. Weka mitandao miwili angalau, kisha ipangie standari njia: namba inayoanza na 081 ipitie Vodacom, 099 ipitie Airtel, 084 ipitie Orange. Uniti zitadumu, na patroni ataona. Goma na Gisenyi zinagusana, kwa hiyo kisanduku kilicho dirishani upande wa mpaka kinaweza kushika mnara wa Rwanda na kukuhesabia kama uko ng'ambo. Ingia kwenye kisanduku, zima kuchagua mtandao kwenyewe, funga mtandao wako kwa mkono. Pia hakikisha kisanduku na standari vinaelewana kuhusu alama ya kukata. Visipoelewana, mteja anakata, laini inabaki imeshikwa, na biro inasema mtandao mbaya.

Kupanga mashine yenyewe hakunichukui muda. Ile ndogo ya Panasonic, KX-TES824, inaanza na laini tatu za nje na posti nane, inakua hadi nane na ishirini na nne. Posti zinaanza 101, unapiga 9 kupata laini ya nje. Neno la siri la kiwandani ni 1234, na kila mtu Afrika nzima analijua. Libadilishe kabla ya kunywa soda. Funga simu za ng'ambo kwa posti zote isipokuwa ya patroni na ya mhasibu. Sauti ya kukaribisha wageni irekodiwe jenereta ikiwa imezimwa.

Baada ya hapo kila miezi mitatu napita. Vumbi letu ni jeusi na lina chembe za makoro, ninalitoa kwa brashi ya rangi iliyo kavu, silipulizi kwa mdomo kwa sababu mate ni maji. Karibu na ziwa naangalia viungo vya shaba, vikianza kuwa kijani navikata na kufunga upya. Betri ya onduleri nabadilisha mwaka wa pili au wa tatu; ikianza kuvimba, naibadilisha hapo hapo. Betri ndogo ya kumbukumbu nayo: saa ya standari ikianza kupotea kila umeme ukikatika, ni yake. Baada ya mvua ya radi kali, kinga za gesi zitazamwe. Iliyoungua huwa nyeusi, na inagharimu kidogo kuliko soda ya wageni.

Na mwezi wa sita hadi wa nane, kiangazi, mfereji unakauka na omu zinapanda. Hapo ninazungumza na zamu, simwambii patroni. Bidoni mbili za maji kila Jumamosi, juu ya mfereji, kutoka kwenye ukuta hadi kwenye jiwe nililopaka rangi nyeupe. Zamu wa Himbi alipanda lengalenga, yaani mchicha, hapo juu. Nilipima mwezi wa nane: omu 8.