Jinsi ya kutumia "pick up" bila kukariri orodha ya maana

Ukitafuta "pick up" katika kamusi nzuri ya Kiingereza, utakuta maana zaidi ya kumi zimepangwa kwa namba. Wanafunzi wangu wengi huzinakili zote daftarini, wakazikariri usiku, na asubuhi hazipo. Siwacheki. Zamani nilipewa taarifa fupi ya mauzo niitafsiri, nikakutana na "business is picking up", nikaandika "biashara inaokota". Mhariri alinirudishia karatasi ikiwa na alama moja tu ya kuuliza, kubwa kama yai. Kumbe biashara ilikuwa inachangamka.

Hatua ya 1: Anza na "piga"

Unapiga simu, unapiga picha, unapiga pasi, unapiga mswaki, unapiga soga. Hakuna aliyekukalisha chini kukukaririsha maana za "piga". Neno linalofuata ndilo lililokufundisha. "Pick up" nayo iko hivyohivyo. Ukiiona kwenye sentensi usiitafsiri papo hapo. Ruka, tazama kilicho mbele yake, ndipo urudi.

Hatua ya 2: Uliza ni nini kinachookotwa

Kikiwa kitu cha kushikika, maana ni ileile ya mwanzo, kuokota au kuinua: "She picked up the coin." Akiwa mtu na kuna safari, ni kumpitia: "I'll pick you up at six", yaani nitakupitia saa kumi na mbili. Wakati mwingine kitu hicho kinapatikana dukani. "Can you pick up some milk on your way home?" haitaji kununua popote, lakini anayeombwa anajua atatoa pesa.

Kikiwa lugha, tabia au ujuzi, Kiswahili kina neno linalokaa sawasawa: kuokoteza. "He picked up Spanish from his neighbours" ni kwamba aliokoteza Kihispania kwa majirani, bila darasa wala mwalimu. Ndiyo maana simwachii mwanafunzi aliyesoma miaka mitatu chuoni aandike kwenye wasifu wake kwamba "I picked up accounting". Atakuwa amejishusha mwenyewe. Aseme "I studied accounting".

Ugonjwa nao huokotwa: "I picked up a cold." Redio na maikrofoni hunasa: "The microphone picked up every whisper." Treni ikiongeza mwendo, "the train picked up speed". Na ukisikia "she picked up the bill", usidhani ameiokota sakafuni, amelipa yeye.

Hapa pana mtego. "The police picked him up" ni kwamba polisi walimkamata, na "he tried to pick her up at a party" ni kwamba alijaribu kumtongoza. Maneno ni yaleyale ya kumpitia mtu kwa gari, mazingira ndiyo yanayoamua. Ukiahidi kumpitia mgeni, taja saa au mahali, na hakuna atakayekuelewa vibaya.

Hatua ya 3: Je, hakuna kitu mbele yake?

Basi mtenda mwenyewe ndiye anayeongezeka au kupata nafuu. "Sales are picking up": mauzo yanapanda. "The wind picked up": upepo ulizidi, hata kama hakuna aliyeutaka. Simu ina njia yake: "I called but nobody picked up", nilipiga, hakuna aliyepokea.

Hatua ya 4: Weka "it" katikati

Hili ndilo kosa ninalosahihisha kuliko yote. Nomino inaweza kukaa baada ya "up" au katikati ya "pick" na "up": "pick up the box" ni sawa, "pick the box up" pia ni sawa. Lakini "it", "him", "her" na "them" lazima ziingie katikati: "pick it up". "Pick up it" haikubaliki kabisa.

Wanafunzi hulalamika kwamba sheria hii haina mantiki, nami huwaandikia ubaoni neno moja: nimekiokota. Hiyo "-ki-" imekaa wapi? Ndani ya kitenzi, kabla ya mzizi. Husemi "nimeokota ki". Kiwakilishi chako kinaingia ndani kwa Kiswahili, kiingize ndani na huku.

Kitu kikiwa na maelezo marefu, usikipachike katikati, sentensi itaning'inia. Andika "pick up the books you left on the table".

Hatua ya 5: Usiidondoshe "up"

Tumezoea kusema "pick the phone" na "pick me at the airport". Tunaelewana wenyewe, lakini "pick" ikiwa peke yake ni kuchagua, au kuchuma kama ua na tunda. "They picked me" ni kwamba nilichaguliwa. "They picked me up" ni kwamba nilipanda gari lao.

Sehemu ya lawama ni ya masikio. Katika mazungumzo ya haraka "picked up" husikika kama "piktap", neno moja, na mkazo unaangukia "up". Ikiandikwa pamoja, "pickup", inakuwa nomino, na mojawapo ya maana zake ni lile gari ambalo sisi tumeliita pikapu.

Hatua ya 6: Jipime

Tafsiri hizi bila kamusi, ukianza na kilicho mbele ya kitenzi: "The baby picked up a cough." "Let's pick up where we left off." "He dropped his keys and I picked them up." Ya pili ikikusumbua, jiulize mnasemaje mnaporudi kwenye mazungumzo yaliyokatizwa: tuendelee tulipoishia.