Brussels, Köln na Amsterdam kwa treni: kwa familia zetu zinazoanzia London

Tukipanga kuwatembeza watoto Ulaya wakati wa likizo, wengi wetu tunaoishi Uingereza tunakimbilia kutafuta bei ya tiketi. Anza na pasipoti. Kibali cha kuishi Uingereza hakikuruhusu kuingia nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza, hata awe ameishi London tangu ujana wake. Nyumba nyingi sasa zimechanganyika: watoto wana pasipoti ya Uingereza, wazazi bado wana ya nyumbani. Watoto watapita bila viza, wazazi hawatapita. Basi usilipie tiketi zisizorudishiwa fedha kabla viza hazijatoka.

Ombi la viza linapelekwa kwa nchi ambayo mtalala siku nyingi zaidi. Zikiwa sawa, ile mtakayoingia kwanza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya hapo hawalipi. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na nafasi za miadi kabla ya likizo kubwa ya shule huwahiwa, kwa hiyo usingoje.

Jambo linalotukwamisha sisi hasa ni majina. Binti wa Juma Hamisi anaandikwa Asha Juma, mama yake ni Mwanaidi Salum. Ofisa wa mpakani akizitazama pasipoti hizo haoni jina lolote linalomuunganisha mama na mwanawe, na ana haki ya kuuliza. Beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Kama baba hasafiri, aandike barua ya ridhaa, aisaini na kuambatanisha nakala ya pasipoti yake.

Na kabla ya kuondoka, fikirieni kurudi. Kadi za ukaazi wa Uingereza zimeachwa, kibali sasa kiko kwenye mtandao. Kama ulibadilisha pasipoti ubalozini, hakikisha akaunti yako ya uhamiaji inasoma namba ya pasipoti mpya.

Sasa njia yenyewe. Kutoka kituo cha St Pancras, London, hadi Brussels ni kama saa 2, Brussels hadi Köln haifiki saa 2, Köln hadi Amsterdam ni karibu saa 3, kisha Amsterdam hadi London ni kama saa 4 moja kwa moja. Watoto hawachoki na hakuna siku inayoliwa yote na safari. Utashawishika kuongeza Paris, hata Roma. Kwa wiki moja na watoto wadogo, mimi nasema miji 3 inatosha kabisa. Kila mji mnaouongeza ni kufungasha tena, hoteli nyingine na asubuhi nzima imepotea.

Ukaguzi wa pasipoti wa kuingia Schengen unafanyika palepale St Pancras kabla ya kupanda, kwa hiyo fikeni mapema. Usifungashe kuku wala sandwichi ya jibini: nyama na maziwa kutoka Uingereza haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, isipokuwa maziwa ya unga ya mtoto mchanga na vyakula vyake maalumu. Matunda mengi nayo yanahitaji cheti, ila ndizi, mananasi, nazi na tende zinapita. Mandazi ya tui na tende zitawafikisha Brussels vizuri. Mkifika, pandeni metro hadi Porte de Namur, mtembee Matonge, mtaa wa Wakongo. Sombe (kisamvu) na samaki mtavipata huko, na watoto watasikia Kilingala mitaani.

Köln shukeni Köln Hbf, yaani kituo kikuu, pembeni mwa kanisa kuu, si kituo cha Messe/Deutz kilicho ng'ambo ya mto Rhine. Jukwaa limegawanywa kwa herufi. Tazama ubao behewa lenu litasimama wapi, msimame hapo na mizigo. Treni haikai, na mara nyingine mabehewa huja kwa mpangilio uliogeuzwa. Mzazi mmoja atangulie na watoto, mwingine apandishe masanduku. Tiketi ya daraja la pili ya ICE, treni ya kasi ya Ujerumani, haina kiti ndani yake, kiti kinalipiwa kando; kwa familia kilipieni. Mkitaka kwenda Hamburg kutoka hapo, kwenye treni za masafa marefu ndani ya Ujerumani mtoto wa miaka 6 hadi 14 anasafiri bure na mtu mzima, mradi ameandikwa kwenye tiketi wakati wa kununua.

Treni ikichelewa dakika 60 au zaidi, kanuni za Umoja wa Ulaya kwa kawaida zinakupa asilimia 25 ya nauli, na kuanzia dakika 120 asilimia 50. Hifadhi tiketi, piga picha ubao wa saa, na dai lako lipelekwe kwa kampuni ya treni husika.