GR20 ya Korsika: panga kwa saa, si kwa kilomita

Njia ya miguu ya GR20 inakikata kisiwa cha Korsika, Ufaransa, kutoka Calenzana, kaskazini, hadi Conca, kusini: kilomita 180 hivi, vituo 16, kimoja kwa siku. Ukigawanya unapata kilomita 11 kwa siku, na hesabu hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Upande wa kaskazini kilomita 8 zinaweza kukulia saa saba, maana kuna mahali unapanda majabali kwa mikono na miguu. Tenga siku 16, ongeza mbili za akiba kwa ajili ya mvua au goti lililovimba. Anayehitaji viza ya Schengen ahakikishe inazifunika hizo mbili pia.

Nenda mwanzoni mwa Septemba ukiweza. Juni theluji huwa bado imelala kwenye makorongo ya juu. Julai na Agosti ni joto na msongamano.

Kupiga hema popote ni marufuku. Unalala kwenye vibanda vya hifadhi au kando yake, na nafasi huwekwa mapema mtandaoni. Hema unaweza kukodi hapohapo, ukapunguza kilo mbili mgongoni. Chumba cha ndani kina paa, lakini vibanda vingine vina kunguni; hema ni afadhali.

Hapa hakuna wagumu wa kukubebea kama Kilimanjaro, kwa hiyo shanta lisizidi kilo 12, maji yakiwemo. Beba chakula cha siku mbili au tatu tu, mengine utanunua vibandani, kwa bei ya mlimani. Weka euro taslimu. Mtungi wa gesi hauruhusiwi kwenye ndege, nunua Calvi, mji ulio karibu na Calenzana. Moto wa kuni usiwashe kabisa.

Siku ya kwanza unatoka mita 275 hadi zaidi ya 1,500, na maji njiani ni haba: beba lita tatu. Anza saa kumi na mbili asubuhi au kabla, kwani radi hupiga mchana.

Siku ya tatu, baada ya daraja la kamba la Spasimata, kuna miamba mipana iliyolala kiubavu, yenye minyororo ya kushikia. Ikiwa mikavu, soli inanata vizuri. Ikilowa inateleza kama sabuni, na mnyororo haupo kila mahali. Mvua ikinyesha, subiri kibandani. Siku inayofuata njia hupita Pointe des Éboulis, mita 2,607; ile ya zamani ya Cirque de la Solitude ilifungwa baada ya maporomoko yaliyoua watu saba mwaka 2015. Kitabu kinachokupitisha huko kimepitwa na wakati.

Mwenye wiki moja aanzie Vizzavona, katikati, penye stesheni ya treni ya Ajaccio–Bastia, ashuke kusini. Ni rahisi zaidi.

Fuata mistari miwili, mweupe na mwekundu. Ikikatizana kama X, umekosea njia. Ukungu ukishuka na hujaona alama kwa dakika tano, rudi kwenye ile ya mwisho uliyoiona.