Somo: Malazi ya kambini, anza na kilicho chini yako

Wengi hununua kwanza mfuko wa kulalia, kisha pesa iliyobaki ndiyo inatafutiwa godoro. Nawasihi mgeuze mpango huo. Niliwahi kutetemeka hadi alfajiri ndani ya mfuko mnene kabisa, kwa sababu nililalia godoro lenye upepo tu ndani. Baridi yote ilinijia mgongoni.

Hatua ya 1: Godoro. Bana mfuko wako kati ya kidole gumba na cha shahada. Unaona unene wote ulivyoisha, umebaki kama shuka? Ndivyo mwili wako unavyoufanya upande wa chini ukilala, kwa hiyo kuzuia baridi ya ardhi ni kazi ya godoro. Angalia kwenye lebo kipimo cha R, yaani uwezo wa godoro kuzuia joto lisipotee: chini ya 2 ni kwa usiku wa joto, 2 hadi 4 kwa ubaridi wa kawaida, 5 na kuendelea kwa baridi ya kugandisha maji. Anayelala ubavu achukue nene, sentimita 7 hivi, nyonga isiguse chini.

Hatua ya 2: Mfuko. Lebo nyingi zina nyuzijoto mbili, ya starehe na ya kikomo. Fuata ya starehe. Ya kikomo imepimwa kwa mtu aliyejikunyata. Manyoya ya bata ni mepesi na hukunjika padogo, lakini yakilowa hugandana na joto likaisha. Penye mvua mimi huchagua nyuzi za sintetiki, ingawa ni nzito.

Hatua ya 3: Jaribu nyumbani. Sakafuni, usiku mzima.

Maswali ya wanachama

*Naweza kupandanisha magodoro mawili?*
Ndiyo, tena vipimo vya R hujumlishwa: 2 na 3 ni 5. Sponji ikitangulia chini, inalikinga la upepo na miiba.

*Je, bembea ya kulalia, ile ya kufungwa kati ya miti, badala ya hema?*
Inafaa sana penye mawe na miti imara. Lala kimshazari ili mgongo unyooke. Ila upepo hupita chini yako, kwa hiyo bado unahitaji godoro au blanketi la kufungwa kwa nje.

*Mbona mfuko wangu huamka na unyevu ndani?*
Unajifunika hadi kichwani, ndugu yangu. Ni pumzi yako hiyo. Vaa kofia ya sufu, pua na mdomo vibaki nje.