Kuchagua Risiva ya Sinema ya Nyumbani: Sauti Safi kwa Bei ya Haki

Anayeingia katika duka la vifaa vya elektroniki mjini Kisumu au Nakuru hukutana kwanza na idadi ya wati iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye katoni ya risiva, yaani mtambo unaokuza sauti ya filamu na kuipeleka kwenye spika, na mara nyingi hiyo ndiyo isiyofaa kuaminiwa. Wati za kweli ni zile za RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, zilizopimwa chaneli mbili (kila moja na spika yake) zikipiga pamoja, kwenye spika zenye ukinzani wa omu 8, kuanzia sauti nzito ya hezi 20 hadi nyembamba ya 20,000, upotoshaji wa sauti ukiwa chini ya asilimia 0.1. Risiva ya wati 80 kwa kipimo hicho inaweza kutangazwa kuwa ya wati 140, kwa kupima chaneli moja tu kwa mlio mmoja na kuuacha upotoshaji ufike asilimia 10. Maandishi ya PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kifupi tu, hayastahili hata kusomwa.

Kwa sebule ya kawaida wati 80 hizo zinatosha, kwa kuwa kuzidisha wati maradufu huongeza ukubwa wa sauti kidogo, desibeli 3 tu. Pesa inayobaki ni afadhali iende kwenye spika, hasa ile ya katikati inayobeba maneno ya waigizaji. Kwangu mimi, seti ya 5.1 (spika tano na moja ya besi) yenye spika nzuri huishinda ya 7.1 (saba na moja ya besi) yenye spika hafifu.

Kabla ya kulipa, igeuze risiva uutazame mgongo wake. Tundu la HDMI la kwenda kwenye televisheni liwe limeandikwa ARC, yaani linaweza pia kurudisha sauti ya televisheni kwenye risiva, au, bora zaidi, eARC, toleo lake jipya zaidi. Soma volti pia: iliyotengenezewa soko la Marekani huwa ya volti 120, ya Japani 100, na zote mbili huungua zikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 240 bila transfoma. Iliyotumika Uingereza haina taabu hiyo, hata plagi yake ni ileile ya miguu mitatu, kwa hiyo mwenye bajeti ndogo aitafute hiyo kwanza, mradi muuzaji akubali kuiwasha nusu saa na kujaribu kila chaneli. Zungusha kirungu cha sauti taratibu. Sauti ikirukaruka, kimechakaa. Dai remoti na maikrofoni yake halisi, kwani mifumo ya kurekebisha sauti, kama Audyssey ya risiva za Denon na YPAO ya Yamaha, huitumia maikrofoni hiyo kupima chumba.

Nyumbani, hasa kwa joto la Kisumu, usiifungie kabatini, na uichomeke kupitia kifaa cha kuilinda umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo.