Dar hadi Mwanza kwa ndege: mambo ya kuzingatia kabla hujakata tiketi

Ukitafuta umbali wa Dar es Salaam hadi Mwanza utakutana na namba mbili zisizofanana, na zote ni sahihi. Kilometa kama 850 ni mstari ulionyooka angani, kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Mwanza. Zile zinazozidi 1,100 ni za barabara, maana basi halina budi kupita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Wewe wa ndege shika ile ya kwanza, ila nayo haikuambii utafika saa ngapi mpaka ujue unapanda ndege gani.

Hilo ndilo la kuangalia kabla ya kulipa. Airbus A220 ni jeti. Ikishatulia juu inakata zaidi ya kilometa 800 kwa saa, na Mwanza unafika kwa takriban saa moja na nusu. ATR 72 ni ya mapanga (propela), mwendo wake kama kilometa 500 kwa saa, kwa hiyo safari ileile inasogea saa mbili au zaidi. Dash 8 Q400 nayo ya mapanga, lakini ina kasi kuliko ATR. Kama 850 kugawa kwa 800 haikupi saa moja na nusu, usidhani umekosea hesabu: muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka maegeshoni Dar na kuisha inaposimama maegeshoni Mwanza, na katikati kuna kupanda na kushuka, ambako haiendi kwa kasi kamili. Angalia pia kama inatua kwanza Dodoma au Kilimanjaro. Kituo kimoja tu kinaweza kula karibu saa nzima.

Saa za tiketi ni za mtindo wa 24. 06:00 ni saa 12 asubuhi, si saa sita. Inayowaponza wengi zaidi ni 00:30 ya tarehe 15: hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo begi unalifunga tarehe 14.

Halafu kuna Dar yenyewe. Daraja la Mfugale pale TAZARA limepunguza foleni tangu 2018, lakini anayetoka Bunju jioni ya mvua anaweza kukaa barabarani muda mrefu kuliko atakaokaa angani. Mimi ningepanga kuwa uwanjani saa mbili kabla. Dereva mwambie mapema ni jengo gani la abiria, kama lilivyoandikwa kwenye tiketi. Terminal 3, iliyofunguliwa 2019, ilijengwa kwa ajili ya safari za nje.

Kitambulisho cha NIDA au pasipoti kiwe mkononi, na majina yafanane na ya kwenye tiketi. Power bank haiendi kwenye begi la chini, unabeba mwenyewe.

Na kama ndugu wamekuagiza sato, fikiria mzigo wa kurudi tangu unapokata tiketi. Samaki wagandishwe vizuri, wafungwe kwenye boksi lisilovuja maji, na uulize shirika lako mapema linapokeaje mzigo wa namna hiyo. Barafu nayo inapimwa kilo.